Nilimchagulia Mtani Wangu Risasi, na Bastola Sijawahi Kuishika

Ngoja nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo. Mimi sijawahi kushika bastola. Hata moja. Hata ile ya plastiki ya kurushia maji sikuishika, maana mtaani kwetu aliyekuwa nayo ni mtoto wa mwenye nyumba, na yule mtoto alikuwa haazimi mtu kitu. Na bado mimi huyu huyu ndiye niliyemchagulia mwanaume mwenzangu risasi ya kwenda kuwindia nguruwe pori.

Nilimchagulia kubwa kuliko zote. Nilimchagulia nimekaa kwenye kantini ya gereji ya mabasi hapa Landani, nina chipsi mdomoni. Leo yule bwana hawezi kushika mashine ya kunyolea, na kunyoa ndiyo ilikuwa kazi yake.

Kosa ni langu. Usinitafutie sababu. Nimeshazitafuta mwenyewe, hazipo.

Mimi naosha mabasi. Naishi Thornton Heath, juu ya duka linalouza ndizi na nywele za bandia. Shule niliishia fomu tu, kidato cha pili, na hata hiyo fomu tu tuliachana katikati bila kuagana. Nasema hivi ujue unasoma maandishi ya mtu wa aina gani. Mdomo ninao. Kichwa ndiyo hivyo tena.

Utauliza, muosha mabasi wa Landani na bastola wapi na wapi? Swali zuri. Nchi hii raia haruhusiwi bastola, na hata polisi wengi unaowaona mtaani hawana. Mimi niliokota ugonjwa kwenye simu. Wakati wa mapumziko nilianza kuangalia video za Wamarekani wanaowinda kwa bastola. Siyo bunduki, bastola. Ile yenye kigurudumu cha risasi katikati, wanaiita revolva. Mtu anamnyatia mnyama mpaka karibu kabisa, halafu anafyatua. Nikaangalia moja, nikaangalia ya pili, mwisho nikawa najua risasi kwa majina kama wengine wanavyojua wachezaji mpira.

Nikaanza kutuma sauti kwenye kundi letu la simu. Ni kundi la watu tuliokulia Temeke, sasa tumetawanyika dunia nzima. Nikawa natoa somo, leo risasi hii, kesho ile. Wakanipa jina, Profesa wa Risasi. Na mimi kilaza wa fomu tu, kuitwa profesa nilikuwa nasikia raha mpaka kwenye kisigino.

Binti yangu alinikuta siku moja jikoni narekodi somo. Akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu hawa watoto wa huku, kwamba baba, wewe hata bastola ya kweli hujawahi kuiona. Nikamwambia, "Mama, na mwalimu wa historia alikuwepo vitani?" Akacheka. Nikajiona nimeshinda.

Sasa huyo niliyemuumiza. Nitamwita Maganga, jina lake siyo hilo. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Kama umekulia kwetu, hapo umeshaelewa. Kama hukukulia kwetu, ujue kwamba Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Ninaweza kumwambia neno ambalo mtu mwingine akimwambia watashikana mashati, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Na mimi vilevile kwake. Tumeukuta hivyo kwa wazee wetu.

Siyo mchezo tu, huo ni undugu. Mama yangu alipofariki, Maganga alikuja mpaka Kisarawe. Jeneza limefika kaburini, watu wanalia, yeye akajitupa chini akazuia njia. Akasema huyu bibi hazikwi mpaka Wazaramo waseme lini wataacha ngoma wakalime. Wajomba wakamtupia noti, akakataa, akasema hizo ni za kununulia tiketi ya taarabu. Nililia huku nacheka. Siku mbaya kuliko zote za maisha yangu, na kuna mtu aliweza kunichekesha. Ndiye huyo.

Baadaye mimi nikaja huku, yeye akaenda Texas. Akafungua saluni ya kunyoa. Waafrika wa mji mzima wakawa wateja wake, na Wazungu pia wachache. Mmoja wa hao Wazungu alikuwa mzee mwenye shamba, nguruwe pori wanamfukulia mahindi kila kukicha. Yule mzee anawinda kwa revolva. Vichaka vya kule vina miiba na vimesongamana, bunduki ndefu inakwama. Akamwambia Maganga, tafuta ya kwako, uje tuwinde.

Maganga akaenda dukani. Muuzaji akamwambia maneno ya akili kabisa. Akamwambia wewe hujawahi kuwinda kwa bastola, chukua inayopiga risasi ya foti foo Magnum. Kwa nguruwe inatosha na kubaki. Tena ile bastola inakubali pia risasi zenye nguvu ndogo, unaanza nazo, mkono unazoea, halafu ndiyo unapanda. Ukiizoea, utaweka risasi nyuma ya bega la mnyama, na hiyo ndiyo kazi yote.

Maganga akanitumia sauti. Hakutuma kwenye kundi, alinitumia mimi peke yangu. Ninayo mpaka leo lakini siwezi kuisikiliza, maneno yake nimeyakariri.

"Mtani, weka masihara pembeni kidogo. Kuna hii foti foo, na kuna ile kubwa, faivu handredi, uliyotufundisha juzi. Muuzaji anasema foti foo. Wewe unayezijua unasemaje? Nataka unijibu kweli."

Unaona? Aliniomba niweke masihara pembeni.

Na jibu nililijua. Hapo ndipo panaponimaliza. Ningekuwa sijui, ningejitetea kwa ujinga, na ujinga ninao wa kutosha. Lakini kila video niliyoangalia ilisema kama alivyosema muuzaji. Wazee wenye mvi walioanza kuwinda kwa bastola tangu ujana walikuwa wanasema, hiyo faivu handredi ni ya dubu, ni ya mtu aliyezoea, mgeni akianza nayo itamharibu. Teke lake likikuingia mara moja, mwili unaanza kuogopa, unafumba macho kabla hujafyatua, na mtu aliyefumba macho hata umpe mzinga hapigi kitu. Nilikuwa nalijua lote hilo.

Ila jibu hilo halichekeshi.

Basi nikachukua sauti yake, nikaipeleka kwenye kundi. Chini yake nikaweka ya kwangu. Nikasema, "Jamani njooni msikie maajabu. Mnyamwezi anaogopa mzigo. Babu zake walibeba pembe za ndovu kichwani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu, wakifika wanauliza kuna nyingine? Leo mjukuu anaulizia bastola nyepesi. Foti foo ni ya akina mama wanaofukuza paka jikoni. Chukua faivu handredi, mwana wa wapagazi. Ukishindwa kuibeba mkononi, iweke kichwani."

Kundi lilipasuka. Watu wakatuma vile vikatuni vya kucheka mpaka simu ikapata moto. Mmoja akatengeneza picha ya Maganga ana bastola kubwa kichwani juu ya ngata. Na yeye mwenyewe akajibu vizuri tu, "Sawa, na nyie Wazaramo siku nitakayofyatua mkisikia mlio mtadhani ngoma imeanza, mtakuja na kanga kiunoni." Tukacheka tena. Wafula, Mkenya wa Bungoma ninayeosha naye mabasi, aliniona nacheka peke yangu kantini akauliza ni nini. Nikamweleza. Yeye hakucheka. Akauliza, "Na huyo jamaa amenunua gani?" Nikamwambia hajanunua bado. Akasema, "Mwambie basi." Nikadhani hajaelewa utani, Wakenya hawa.

Maganga akanunua faivu handredi. Akatuma picha. Ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa, na risasi zake nene kama kidole gumba.

Alipoenda kuijaribu mara ya kwanza, akanitumia sauti nyingine. Peke yangu tena. "Mtani, hiki kitu kimenipiga mpaka meno yamegongana. Kiganja kimevimba. Kesho asubuhi nina vichwa vya kunyoa. Nafikiri niirudishe nichukue ile nyingine, au vipi?"

Alikuwa ananiomba mlango. Alitaka nimwambie tu, rudisha, hakuna atakayekucheka. Neno moja lingetosha.

Nikaipeleka kwenye kundi.

Sijui niseme nini hapo. Nimejaribu kuandika sababu, nimefuta, nimejaribu tena. Nilikuwa kwenye basi la kurudi nyumbani, mvua inanyesha, nimechoka, nanuka sabuni ya magurudumu, siku nzima hakuna aliyeniita jina. Nikaona hapa pana kicheko. Nikakichukua. Nikaandika, "Mgonjwa apakwe mafuta ya mawese apelekwe kwao Tabora." Na wao wakacheka, na mimi nikateremka kituoni kwangu nikiwa mtu mkubwa.

Hakuirudisha. Angeirudisha vipi, wakati rafiki zake wote wa utotoni wanasubiri?

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa simu. Aliendelea kufanya mazoezi na ile bastola, na kila akifyatua anafumba macho. Alijua anafumba. Akasema, "Maumivu nilikuwa nayasikia kabla hata sijavuta kidole." Yule mzee mwenye shamba alimwambia aiache, atamwazima ya kwake ndogo. Akakataa. Alitaka apige picha na nguruwe na ile ile faivu handredi, aitume kwenye kundi, tunyamaze.

Siku ya kuwinda ilipofika, nguruwe akatoka kichakani, mkubwa, akasimama ubavu. Karibu kabisa. Maganga akafumba macho akafyatua. Risasi ikaenda tumboni, nyuma kabisa huko, siyo begani. Mnyama akapiga kelele akaingia kwenye miiba.

Ukimjeruhi mnyama unamfuata ummalize, hiyo ni sheria ya uwindaji kila mahali. Maganga akamfuata. Mkono wa kushoto anasukuma miiba, wa kulia una bastola, kiganja kimepinda. Yule mnyama akatokea mbele yake ghafla. Akafyatua kwa mkono mmoja.

Bastola ile haifyatuliwi kwa mkono mmoja uliopinda. Hilo pia nililijua kwenye video.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Mishipa ikavutika. Wamempasua, wakamfunga chuma, wakampasua tena. Kidole gumba na kile kinachofuata havisikii kitu. Daktari ameshamwambia asisubiri virudi. Na yule nguruwe hawakumpata. Maganga aliniambia hicho ndicho kinachomkosesha usingizi, kuliko mkono. Akasema, "Alilia kama mtu."

Alijaribu kurudi kazini. Akamkata mteja sikio, mzee wa watu, mteja wake wa siku nyingi. Yule mzee akasema siyo kitu, akajifuta na taulo. Lakini wiki iliyofuata hakuja, na wengine wakaanza kuchagua kiti cha kijana aliyemwajiri. Akajaribu kunyoa kwa mkono wa kushoto, ikawa aibu. Akafunga. Sasa mke wake ndiye anayekwenda kazini mchana na usiku, anahudumia wazee kwenye kituo, na yeye anakaa nyumbani na mkono mapajani.

Mimi taarifa ya kwanza, kwamba ameumia, nililetewa na mke wake. Nilikuwa nimeona Maganga kimya kwenye kundi, nikaanza kumchokoza. "Vipi, nguruwe amekuoa?" Niliandika hivyo. Mtu yuko hospitali, mimi naandika hivyo. Shemeji akanipigia. Mwanamke mpole, sauti ya chini.

"Shemeji, naomba uache kumwandikia kwa sasa. Simu ninayo mimi."

"Kwa nini, shemeji? Amelala?"

"Amepasuliwa mkono. Nimesoma maneno yenu yote humu ndani." Nikamsikia akifunga mlango. "Sikujua kwamba alikuwa anakuomba ushauri na wewe unampa kicheko. Yeye aliniambia ni wewe uliyemshauri. Nikafikiri mmekaa mkaongea."

Nikasema pole tu. Profesa mzima.

Nilitoka kwenye kundi siku ile. Video nilizohifadhi nilizifuta. Lakini hebu niambie, nimefuta nini? Mkono uko pale pale.

Nilitaka anitukane. Nakwambia ukweli, nilipompigia mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekaa ngazini nimevua kofia kama mtu anayesubiri bakora. Nilitaka aniambie wewe Mzaramo mshenzi, umeniua. Ningelala usingizi.

Akapokea akasema, "Habari za huko, ndugu yangu."

Ndugu yangu. Tangu tukiwa vijana hajawahi kuniita ndugu. Ananiita mtani, ananiita mcheza ngoma, ananiita mla nazi, ananiita majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Nikajaribu kumchokoza kidogo, nikasema, "Mtani, mzigo umekushinda?" Mungu anisamehe, sikuwa na neno lingine, ndiyo njia pekee niliyokuwa naijua ya kumwambia nakupenda.

Akasema, "Ndiyo, ndugu. Umenishinda."

Bila kicheko. Bila kurudisha. Kama unavyomjibu karani wa benki.

Nikalia. Nikamwomba msamaha, nikamwambia ni mimi, ni mdomo wangu. Akasema, "Hapana bwana, mimi ndiye niliyenunua. Mtani hakosei. Na mtani hakasirikiwi, wewe si unajua." Halafu akaniambia pole. Yeye, ananiambia mimi pole. Akaniuliza hali ya hewa ya Landani.

Ningekuwa mtu mwingine tu, rafiki wa kawaida, angekuwa na haki ya kunikasirikia, na mimi ningekuwa na mahali pa kupiga magoti. Lakini sisi hatuna mahali hapo. Wazee hawakutuwekea. Walituwekea ruhusa ya kusema chochote, basi. Alichoweza kufanya ni kuacha tu kuwa mtani wangu, kimya kimya, kama mtu anayehama nyumba bila kuaga.

Nimempigia mara nyingi tangu hapo. Mara moja tu alinisimulia ya kule kichakani, nyingine zote ni hivyo hivyo. "Habari za huko, ndugu. Tunamshukuru Mungu. Usijitese. Pole sana." Wakati mwingine nasikia mke wake nyuma anamwambia nyoosha mkono, anamvalisha koti.

Nikifa mimi, sidhani kama kuna mtu atakuja kujitupa mbele ya jeneza langu. Nimewaza hilo nikiwa napiga brashi dirisha la basi. Nikaendelea kupiga brashi.

Basi wewe unayesoma, hasa wewe mwenye mdomo kama wangu. Mtu akikuomba uweke masihara pembeni, weka. Siyo lazima iwe bastola. Inaweza kuwa pikipiki, inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa mchumba. Kama unajua, sema unachojua hata kama kundi zima litapiga mwayo. Kama hujui, mwambie arudi kwa muuzaji. Na kama unataka kununua hicho kitu chenyewe, msikilize aliyekishika, usimsikilize aliyekiangalia kwenye simu anakula chipsi. Ndogo unayoiweza itamlaza mnyama pale pale. Kubwa usiyoiweza itamtesa yeye na wewe. Mimi siandiki haya ili nisamehewe. Anayeweza kunisamehe ameshasema hakuna kosa, kwa hiyo hapo ndiyo pamefungwa.

Wiki iliyopita Wafula alinikuta kantini nimeishika simu, natafuta namba ya Maganga. Akakaa. Hakuuliza nampigia nani, anajua. Akaichukua ile simu mkononi mwangu taratibu, akailaza mezani kifudifudi.

"Ndugu yangu, wacha kumpigia huyo mtu," akasema. "Mkono ameshaupoteza. Na kila ukimpigia ukilia, ni yeye tena anakaa hapo anakupatia pole."